Nani Atasema Turudi?

Wapendwa, miaka minne iliyopita wanaume watano wa kanisa hili tulisimama mbele yenu siku ya Jumapili tukatoa ushuhuda. Tulisema kwamba ndugu yetu mmoja aliugua mlimani usiku, tukamwombea, na Bwana akamponya. Mlitupigia makofi, na akina mama wakaanzisha wimbo. Tulirudi kuketi tukiwa tumefurahi.

Ushuhuda ule haukuwa wa uongo, lakini haukuwa kamili. Tulipoombwa kuandika juu ya imani katika kitabu hiki, tuliona hatuwezi kuandika jambo lingine kabla ya kuukamilisha.

Mnatujua. Wengi wenu mnatuita kwa kazi zetu kuliko majina yetu: Mwalimu, Dereva, Mhazini, Fundi, na yule mkubwa wetu ambaye kila mtu humwita Mzee. Tulisoma shule ya Jumapili pamoja, isipokuwa Mzee, ambaye alikuwa akitufundisha. Aliyeugua ni Fundi. Yeye mwenyewe ametuambia tuandike, naye amesoma kila mstari kabla haujafika kwenu.

Tumeanza kupanga safari nyingine. Mwezi wa Februari, Bwana akipenda, tutapanda tena Mlima Kenya kupitia njia ya Chogoria, tutembee nyikani juu ya msitu na kuvua samaki katika Ziwa Ellis, na kisha katika Ziwa Alice lililo upande wa kaskazini karibu na kilima cha Ithanguni. Tumekutana nyumbani kwa Mhazini mara saba kwa ajili ya mpango huo. Katika mikutano hiyo ya ramani, unga na soksi ndipo tulipojifunza juu ya imani jambo ambalo hatukujifunza katika miaka mingi ya kukaa vitini kanisani.

Kwanza tuwaeleze habari za samaki mwenyewe, kwa maana wengi hapa hawajamwona. Anaitwa trauti. Si mwenyeji wa nchi yetu. Mwaka 1905 mzungu aitwaye Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, kule Aberdare. Baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni upande wa bahari ya Pasifiki huko Amerika Kaskazini, na mito na maziwa ya mlima wetu yakapata samaki ambao babu zetu hawakuwajua. Trauti anataka maji baridi na safi. Ili azae anahitaji maji yanayotembea juu ya changarawe. Maji yakipata joto au matope, yeye hufa kabla ya samaki wengine. Mwalimu hupenda kusema kwamba samaki huyu hangeweza kufika hapa kwa bahati. Alivuka bahari ya joto akiwa angali yai, na mtu fulani alilazimika kufikiria baridi yake kila siku ya safari hiyo.

Sisi hatukufikiria namna hiyo safari ya kwanza.

Tulizaliwa tukiuona mlima kila asubuhi, tukadhani kuuona ni kuujua. Tulikunywa maji ya Nithi tangu utotoni, na Nithi hutoka juu kule, katika Ziwa Michaelson. Basi tuliona hatuhitaji mtu wa kutuongoza katika mlima wetu. Mhazini alipiga hesabu akaona kwamba tukiacha kiongozi na wapagazi tutaokoa pesa nyingi, nasi tukamsifu kwa uwakili mwema. Mwalimu aliuliza kama tusome kidogo habari za kimo na baridi. Tulimjibu kwamba Mungu aliyetuumba chini ya mlima atatulinda juu yake. Tukaomba, tukaondoka. Maandalizi yetu yote yalikuwa maombi ya dakika tano na kilo nne za maharagwe makavu.

Hayo maharagwe yalikuwa onyo la kwanza. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Huku nyumbani yanachemka yakiwa na nyuzi karibu 95, na kule kwenye mita 4,300 huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi. Unaona sufuria inatokota, lakini maharagwe hayaivi. Tulikaa saa nne tukiongeza moto wa jiko la gesi, na tulipotafuna yalikuwa kama kokoto. Tukacheka, tukala chapati zilizobaki, tukalala na njaa.

Lakini kabla ya hapo tulikuwa tumekwisha kufanya kosa kubwa. Mji wa Chogoria uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya siku ya kwanza Dereva alituendesha kupitia msitu na mianzi, karibu kilomita 30, hadi lango la hifadhi lililo kwenye mita 3,000 hivi, kisha hadi mwisho wa barabara. Jioni tulikuwa tumepiga hema kando ya Ziwa Ellis, karibu mita 3,500. Siku ya pili tukapanda mgongo wa mlima hadi vidimbwi vya Hall Tarns, mita 4,300. Kwa siku mbili tulikuwa tumepanda mita 2,800. Hatukujua kwamba mwili unahitaji muda ili uzoee hewa nyembamba, na kwamba nguvu za mtu au ujana wake haviupunguzi muda huo.

Fundi alianza kuumwa kichwa tangu Ellis. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kuharibu furaha yetu. Siku ya pili akasema. Tukamwambia ni baridi tu, anywe chai, amtegemee Bwana. Pale Hall Tarns kuna ukingo wa jabali, na ukisimama hapo unaliona Ziwa Michaelson chini kabisa, mita 300 hivi, limetulia kama kioo. Sisi wanne tulisimama hapo jua likishuka, tukaimba. Fundi alikuwa hemani akitapika.

Saa tatu usiku tulimzunguka. Tukaweka mikono juu yake, tukaomba. Tuliomba kwa zamu, tuliimba, tulinyamaza, tukaomba tena. Nje kulikuwa na barafu juu ya majani na upepo ulikuwa ukipiga hema. Saa tisa usiku Fundi alisema anataka kutoka nje. Alisimama, akapepesuka, akaangukia upande. Akajaribu tena, akaangukia upande ule ule. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na alikuwa akitembea kama mlevi. Alipotujibu, maneno yake hayakuwa na maana.

Ndipo Mzee akasema, "Basi. Tunashuka."

Tulishuka gizani tukiwa na tochi mbili, moja ikiwa karibu kuzimika. Wawili walimshika makwapani, mmoja alitangulia kutafuta njia, mmoja alibeba kilichobebeka. Hema tuliliacha. Palipokuwa na miamba tulimbeba mgongoni kwa zamu, na kila mmoja wetu alianguka walau mara moja. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshuka vya kutosha, na Fundi akaanza kuuliza tuko wapi. Tulipofika barabarani aliomba uji.

Tulimpeleka kwa daktari. Daktari alimpima, akasikiliza habari yetu yote, kisha akatuambia kwa upole: dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kushuka. Mtu akianza kupepesuka, ubongo wake umeanza kuvimba, na kila saa anayokaa juu inamkaribisha na kifo. Akatuuliza, "Alianza kutapika saa ngapi?" Tulimjibu. Akauliza, "Mlianza kushuka saa ngapi?" Tulimjibu. Hakuuliza tena.

Jumapili iliyofuata ndipo tulipotoa ule ushuhuda. Tulisema tuliomba tangu saa tatu hadi saa tisa, na Bwana akatenda. Hatukusema kwamba katika saa hizo sita angeweza kuwa njiani kushuka. Hatukutaja maneno ya daktari. Fundi alikuwa ameketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na mlipopiga makofi yeye hakupiga.

Baada ya hapo aliacha kuja kwenye ushirika wa wanaume. Ibadani alikuja, sadaka alitoa, na mabomba ya kanisa yalipopasuka aliyatengeneza bila malipo. Lakini Alhamisi jioni kiti chake kilikaa kitupu. Tulisema ana kazi nyingi. Ilipita zaidi ya miaka miwili.

Mzee ndiye aliyekwenda. Alimkuta akifunga tangi la maji nyumbani kwa mtu, akakaa juu ya tofali kumngojea amalize. Kisha akamuuliza, "Mwanangu, tumekukosea nini?" Fundi alifuta mikono, akakaa naye. Akasema, "Mzee, mimi sikatai maombi. Lakini usiku ule nilisikia kila kitu. Nje kulikuwa na baridi, nanyi mlikuwa mmechoka. Mliomba ili msitembee."

Mzee alipotuletea neno hilo, hakuna aliyejitetea. Tulitaka kujitetea. Mhazini alifungua kinywa, akakifunga. Kila mmoja wetu alikumbuka jinsi alivyolisikia lile baridi nje ya hema, na jinsi maombi yalivyokuwa mahali penye joto.

Siku chache baadaye tulikwenda wote wanne nyumbani kwa Fundi kumwomba msamaha. Alitukaribisha. Baada ya chai Mzee aliomba tusome Marko sura ya pili, habari za mtu aliyepooza ambaye watu wanne walimbeba kumpeleka kwa Yesu, wakakuta nyumba imejaa, wakapanda juu ya dari, wakaitoboa, wakamteremsha na godoro lake. Tumeisikia habari hiyo tangu utotoni. Siku hiyo tulisikia jambo ambalo tulikuwa tukiliruka. Maandiko yanasema kwamba Yesu aliiona imani yao. Sasa, Yesu aliona nini hasa? Hatuambiwi kwamba wale wanne walisema neno lolote. Hatuambiwi kwamba waliomba, ingawa huenda waliomba njia nzima. Alichokiona ni dari iliyotobolewa, udongo unaowadondokea watu kichwani, na mikono minne inayoteremsha mzigo polepole ili usianguke. Imani yao ilikuwa mabegani mwao.

Fundi akasema, "Hata ninyi mlinibeba." Mzee akamjibu, "Ndiyo, lakini tulichelewa saa sita."

Kisha Fundi akatushangaza. Alisema anataka kurudi kule. Alisema hajamaliza habari zake na maziwa yale, kwa maana alimvua trauti mmoja tu Ellis kabla kichwa hakijamshinda, na bado anakumbuka rangi za ubavu wake. "Ila safari hii," akasema, "tuandike kila kitu."

Hapo ndipo mkewe alipoingia kutoka jikoni. Sisi humwita Shemeji. Alikuwa amesikia. Alisimama mlangoni na kitambaa mkononi akasema, "Shemeji zangu, mimi nina swali moja tu. Mkiwa huko juu, na mmekwisha kulipa, na mmechoka, na samaki wanauma, nani atasema turudi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutalileta.

Mikutano yetu saba imekuwa ya kutafuta jibu hilo. Mambo mengine yalikuwa rahisi. Mwezi tulichagua Februari, kwa kuwa Januari na Februari mlima huwa na kiangazi, na mvua za masika hazijaanza. Chakula tumechagua kinachoiva upesi: unga wa uji, tambi, mboga zilizokaushwa, njugu, na nyama iliyokaushwa. Kila mtu atakuwa na koti la mvua, nguo kavu za kulalia zilizofungwa katika mfuko usiopitisha maji, na tochi yake mwenyewe na betri za akiba. Kuni hatutakata hata moja, tutapika kwa gesi. Vibali vya hifadhi na leseni ya kuvua Dereva ameshughulikia mapema. Tumemwajiri kijana wa hapa anayejua njia, na mpagazi mmoja. Mhazini mwenyewe ndiye aliyeandika gharama hiyo kwenye mstari wa kwanza wa bajeti. Alisema safari ile alihesabu pesa akasahau kuhesabu gharama, na kwamba yule mjenzi wa mnara katika Luka 14 hakuambiwa ahesabu fedha za kuokoa, aliambiwa ahesabu kama ana za kumalizia.

Mwalimu alipewa kazi ya kimo. Alitufundisha kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku moja. Basi usiku wa kwanza na wa pili tutalala katika vibanda vilivyo karibu na lango. Siku ya pili tutapanda juu kutembea, kisha tutarudi kulala pale pale. Siku ya tatu tutakwenda Ellis. Siku ya nne tutakwenda Alice, ikiwa wote ni wazima. Siku ya tano tutarudi Ellis, na siku ya sita nyumbani. Kila asubuhi na kila jioni kila mtu atatembea hatua kumi juu ya mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine. Asiyeweza, anashuka. Maumivu ya kichwa hayafichwi. Tumeandika hivi: kuficha ugonjwa ni kumdanganya mwenzako.

Hall Tarns hatutakwenda. Fundi alisema, "Tukifika Ellis salama, inatosha."

Juu ya samaki tulikubaliana tuvue kwa nzi wa bandia, na tusitwae zaidi ya watakaoliwa jioni hiyo. Ziwa la baridi ni kama shamba maskini, samaki wake hukua polepole. Tukichukua wengi kwa siku moja tunakula chakula cha watakaokuja baadaye. Mzee alikumbusha kwamba katika Yohana 21 wanafunzi walihangaika usiku kucha bila kupata kitu, na walipofika ufuoni walikuta Bwana amekwisha kuwasha moto na kuandaa chakula. Alisema tukirudi mikono mitupu tusione haya.

Jambo lililotugawa lilikuwa siku ya akiba. Kijana wa njia alituambia kila mpango wa mlimani uwe na siku moja isiyo na kazi, kwa ajili ya mvua au mgonjwa. Tukiondoka Jumatatu, siku hiyo ya akiba inaangukia Jumapili. Mhazini alipinga. Alisema wazee wa kanisa hawawezi kuandika kwenye daftari kwamba huenda wasifike ibadani. Tulibishana mkutano mzima. Dereva ndiye aliyetuamua. Alisema, "Mimi ninajijua. Nikijua lazima niwe kanisani Jumapili, Jumamosi usiku nitaendesha gari kwenye utelezi." Mhazini alinyamaza, kisha akachukua kalamu akaiandika siku hiyo mwenyewe. Mchungaji amearifiwa. Ametuambia kwamba tukikosa, ataanza ibadani kwa kutuombea, kisha saa sita mchana atamuuliza Shemeji kama tumepiga simu.

Maana Shemeji ndiye anayeshika nakala ya mpango. Ina majina yetu, njia yetu, mahali pa kila usiku, na nambari ya askari wa hifadhi. Ikifika saa sita mchana Jumapili bila neno kutoka kwetu, yeye atapiga simu, hata kama sisi tutaona haya kutafutwa.

Na swali lake tumelijibu. Kwanza tulitaka kumpa Mzee mamlaka ya kusema turudi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mzee akakataa. Alisema mkubwa ndiye huona haya zaidi kurudi nyuma. Kisha tukafikiri tumpe kijana wa njia. Naye yumo, lakini yeye tunamlipa, na anayelipwa huogopa kuwaudhi wanaomlipa. Mwishowe tuliandika hivi: yeyote kati yetu akisema turudi, tunarudi. Haulizwi mara mbili. Hatufanyi kikao. Hatuanzi maombi kwanza. Tutaomba tukiwa tunatembea.

Tulipompelekea Shemeji alisoma mstari huo, akausoma tena. Akauliza, "Na Mhazini amekubali?" Mhazini akasema amekubali. Akakunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake.

Wapendwa, tunajua wengine mtauliza kama kupanga namna hii si kukosa imani. Sisi tuliuliza hivyo. Waraka wa Yakobo sura ya nne unatukumbusha kwamba hatujui ya kesho, na tunapaswa kusema Bwana akipenda. Neno hilo tulilisema sana safari ya kwanza. Lakini tulilitumia kama mtu anayemwachia jirani ng'ombe wake bila kumpa majani. Tulimwachia Bwana kazi ambazo alikuwa ametupa sisi miguu na akili za kuzifanya. Sasa tunaona kwamba anayesema Bwana akipenda kwa kweli ndiye anayeandika siku ya akiba, kwa sababu anakiri kwamba mvua si yake, wala pumzi yake.

Na jambo hili haliishii mlimani. Tumejiuliza ni mara ngapi hapa chini tumefanya kama tulivyofanya hemani. Mtu anaugua katika jumuiya yetu, tunakwenda nyumbani kwake jioni, tunaimba, tunaomba vizuri, tunakunywa chai, tunaondoka. Gari la Dereva limeegeshwa nje. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa ana namna ya kufika hospitali asubuhi. Kijana anaacha shule, tunamtaja katika maombi wiki nne, na Mwalimu anapita mlangoni kwao kila siku. Hatusemi maombi yapungue. Tunasema tu kwamba tumekuwa wepesi kuyafanya kuwa hema la kujikinga na baridi iliyo nje.

Je, Mungu alimponya Fundi? Tunaamini hivyo. Tunaamini alimponya njiani, kati ya saa tisa na mapambazuko, kila tulipoteremka. Tunaamini pia kwamba alikuwa tayari kuanza saa tatu, nasi tukamchelewesha. Huo ndio ushuhuda ambao tulipaswa kuutoa siku ile. Tunaomba mtusamehe kwa kuwapa nusu yake.

Tunapoandika haya zimebaki wiki tatu. Mabegi yamepimwa, kilo 15 kila mtu, na la Mzee kilo nane. Fundi amenunua mshipi mpya na kufunga nzi wake mwenyewe kwa manyoya ya jogoo wa nyumbani kwake. Alhamisi iliyopita alikuja kwenye ushirika, akakaa kiti chake cha zamani, na hakuna aliyefanya jambo hilo kuwa kubwa.

Tunaomba mtukumbuke katika maombi yenu juma hilo. Na ikitokea mkatuona tukirudi Jumatano badala ya Jumamosi, bila samaki, nguo zikiwa safi, msituulize ni nini kilichotushinda. Jueni kwamba mmoja wetu alisema turudi, na wengine wakageuka. Mtuwekee maji ya chai motoni.